Macho ya Moto: Juu ya Foto za Bundi Wadogo Katika Mwanga Hafifu

1. Neno la kuanza

Sisi wana-Boyoma tunamjua bundi kwa masikio. Uliza mtu wa Simi-Simi kama alishasikia bundi, atajibu bila kufikiri: «Mara mingi sana, tena pale juu ya paa ya jirani.» Muulize kama alishamwona vizuri, rangi ya kifua chake, ukubwa wake, macho yake, hapo atanyamaza kidogo. Lingala inamwita esukulu, Kiswahili kinamwita bundi, na katika lugha zote mbili mama akilitaja jina hilo usiku anashusha sauti. Wakoko wetu walisema, na wangali wanasema: «Bundi akilia juu ya nyumba, kuko mutu atakufa.» Wengine wanaongeza kwamba yule si ndege, ni mulozi aliyevaa manyoya.

Siku hizi kumekuja jambo jipya, yaani foto. Simu iko mkononi mwa vijana wengi, na bundi ambaye wazee walimsikia tu sasa anatumwa kutoka simu hadi simu. Tukiziangalia foto hizo kwa utulivu, tutaona kwamba nyingi zinafanana. Kuna bundi aliyekufa, amelazwa chini mabawa yamefunguliwa, na miguu ya watu imemzunguka. Na kuna bundi mzima aliyepigwa flashi usiku: nyuma yake pote ni peusi, hakuna tawi, hakuna jani, hakuna nyumba, ni uso tu na macho mawili yanayowaka sawa makaa.

Foto ya kwanza haihitaji maneno mengi, ni foto ya mauaji. Ni ya pili ninayotaka kuipima hapa, kwa sababu wenye kuipiga mara nyingi ni watu wa nia njema. Ni wanafunzi, walimu, wapenda ndege. Wanasema wanataka kufukuza hofu kwa kuonyesha ndege jinsi alivyo. Mimi nasema foto yao inafanya kinyume. Inachukua maneno ya koko na kuyapiga muhuri. Na katika nchi ambamo mtu anaweza kufukuzwa nyumbani kwake kwa ajili ya neno moja tu, «mulozi», ubaya wa foto ya namna hiyo hauishii kwenye mambo ya sanaa.

2. Ule moto ni wa nani?

Tuanze na macho, kwa kuwa ndiyo yanayotisha. Bundi wa msitu ambaye wataalamu wanamwita Strix woodfordii, anayependa pembeni ya msitu na mashamba yenye miti mikubwa, ana macho ya kahawia iliyokolea, karibu meusi. Ukibahatika kumwona magaribi, ni macho ya kutulia, hayana moto wowote. Lakini angalia foto zake za flashi: macho mekundu, au ya rangi ya machungwa. Wekundu huo umetoka wapi?

Umetoka kwa aparei. Usiku mboni ya bundi inafunguka sana ili kukusanya mwanga kidogo uliopo. Flashi iliyobandikwa karibu na lenzi inapiga moja kwa moja ndani ya mboni hiyo, mwanga unafika nyuma ya jicho, kisha unarudi kwa njia ileile hadi ndani ya lenzi. Kwa hiyo moto ule si wa ndege. Ni flashi inayojiangalia kama kwenye kioo. Ndiyo maana hata bibi arusi anaweza kutoka na macho mekundu katika foto za sikukuu, na hakuna anayemwita mulozi. Tunacheka, tunasema: «Ni flashi tu, mama.» Bundi naye angestahili neno hilohilo.

Aparei za kutegwa msituni, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, nyingi zinatumia mwanga ambao jicho letu haliuoni. Hazimsumbui ndege sana, lakini usiku zinatoa kitu cha jamii moja: foto isiyo na rangi, na macho meupe sawa taa za gari. Kwa kazi ya kuhesabu wanyama zinafaa sana. Kwa kazi ya kumtambulisha jirani kwa majirani zake, bado.

3. Flashi iliingiaje katika desturi yetu?

Wenye umri wa kutosha wanawakumbuka mafotografe wa kutembea, aparei kifuani, filamu ya ISO 100 ndani. Filamu ile ilitaka mwanga mwingi. Magaribi, bila flashi, hakuna kitu. Basi kidogo-kidogo flashi ikawa alama ya foto yenyewe: isipomulika, mtu anakuambia kwamba hujampiga bado, na pesa hatoi.

Katika sikukuu hilo lilikuwa sawa kabisa. Jean Depara, aliyefariki mwaka 1997, alipiga foto za usiku wa Kinshasa katika miaka ya 1950 na 1960, ndani ya baa na mahali pa dansi. Mwanga wake ulikuwa zawadi. Wale vijana na wale wanawake walivaa ili waonekane, na fotografe aliwapa walichokuja kutafuta. Bundi hakuvaa ili aonekane. Manyoya yake ya kahawia na kijivu, yenye madoa na mistari, yako pale ili afanane na gome la mti. Kumpiga flashi usoni ni kumvua nguo mbele ya watu, halafu kumlaumu kwamba sura yake inatisha.

Hapo njo naona tofauti kubwa. Foto haihukumiwi kwa uwazi wake tu. Inahukumiwa pia kwa kuuliza: mwanga huu unamtumikia nani, yule anayeonekana, au yule anayetaka kuonyesha kwamba alimpata?

4. Somo la lokole

Kuna watakaosema kwamba hayo ni mawazo ya kizungu, kwamba mila yetu haina cha kufundisha juu ya foto. Si kweli. Tushuke mto kidogo kutoka Simi-Simi hadi Yakusu, kwa Walokele. Huko John Carrington, mmisionari na mwalimu, aliisomea lokole kwa miaka mingi, na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu ya ngoma zinazosema. Aliyoyaeleza wazee wa hapa waliyajua tangu zamani.

Lokole ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa hiyo maneno mengi yanapigwa sawasawa. Katika Kilokele jina la mwezi na jina la kuku yana mdundo uleule mmoja. Mpiga lokole akipiga jina peke yake, mtu wa ng'ambo hataelewa kama anaambiwa juu ya mwezi au juu ya kuku. Ndiyo sababu hapigi jina peke yake. Mwezi anaupigia maneno yanayosema kwamba unaitazama dunia kutoka juu. Kuku anampigia maneno ya udogo wake na ya kilio chake. Msikilizaji aliye mbali, tena gizani, anatambua, kwa sababu jina limekuja pamoja na jamaa yake yote.

Foto ya macho mawili katikati ya weusi ni jina lililopigwa peke yake. Linaweza kuwa bundi, linaweza kuwa paka, linaweza kuwa kile ambacho mtoto aliota jana. Kila mtu analijazia hofu yake. Nani atamzuia? Ndani ya foto hakuna kitu cha kumwambia: hapana, huyu ni ndege, amekaa juu ya mwembe, nyuma yake kuna michikichi na moshi wa jiko, saa ilikuwa ya watu kurudi kutoka mtoni. Tawi, jani, moshi na rangi ya mbingu njo maneno ya lokole yanayomfuata bundi ili ajulikane. Flashi inayafuta yote, kwa sababu inamulika kilicho karibu tu na kuacha kilicho mbali katika giza jeusi kuliko giza la kweli.

Tusisahau: usiku wa Simi-Simi, hata umeme ukikatika kartye nzima, si mweusi kabisa. Kuna mwezi, kuna nyota, kuna toroshi ya mwenye kuuza mikate, kuna mto unaorudisha mwanga. Ule weusi wa foto ya flashi haupo mahali popote katika mji wetu. Umetengenezwa.

5. Foto ya Itombwe

Nchi yetu ina foto moja ya bundi mdogo iliyoingia katika historia, na ni vema kuipima kwa haki. Mwaka 1951, huko Muusi katika milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, alipatikana bundi ambaye vitabu havikuwa naye. Mwaka 1952 Henri Schouteden alimwandika akampa jina la Alexandre Prigogine: Phodilus prigoginei. Kwa miaka mingi wasomi wa ulimwengu walimjua kwa ngozi moja tu. Mwaka 1996 watafiti, kati yao Thomas Butynski na John Hart pamoja na wenzao Wakongo, walimnasa jike mmoja kwa wavu katika msitu huohuo wa Itombwe. Alipimwa, akapigwa foto, akaachiliwa.

Foto ile ni ya ushahidi. Haikupigwa ili ipendeze, ilipigwa ili isibishwe. Ndege alikuwa mikononi mwa watu, na hivyo ndivyo kazi ya namna hiyo ilivyotaka. Badala ya ngozi ya pili kwenye sanduku la makumbusho, bundi alirudi msituni. Hiyo ni hatua kubwa, na anayeidharau hajui foto inaweza kuokoa nini.

Lakini ushahidi si utambulisho. Foto ya kitambulisho inaonyesha kwamba mtu yuko, haionyeshi anavyoishi. Taabu inaanza pale foto ya kitambulisho inapogeuzwa kuwa mfano wa kila foto, na kila kijana mwenye aparei anadhani kwamba kumshika ndege, kumfinya kwenye mwanga na kupiga ndiyo sayansi. Wale wa Itombwe walikuwa na swali: je, ndege huyu angali yupo? Sisi wa hapa hatuulizi hilo. Tunajua kwamba bundi wako, tunawasikia. Swali letu ni jingine: tunaishi nao namna gani? Kwa swali hilo, foto ya mkononi haina jibu.

6. Magaribi, si usiku wa manane

Basi foto nzuri inapigwaje? Nitasema yale yanayofaa kwa anayetaka kujaribu, maana mchambuzi anayekataa tu bila kuonyesha njia anaacha kazi nusu.

Kwanza, chagua ndege anayekubali mwanga. Katika msitu wa bonde la Kongo kuna bundi mdogo mwenye kifua chenye wekundu, Glaucidium tephronotum. Urefu wake ni sentimita 18 hivi, uzito gramu 100 hivi, macho yake ni ya manjano, na hangojei usiku wa manane. Anaamka magaribi, na pengine hata mchana wa mawingu unamkuta macho wazi. Anakula wadudu na ndege wadogo. Wakati wake na wakati wetu vinakutana.

Pili, jua saa yako. Hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua linazama kati ya 18h05 na 18h35 mwaka mzima, na magaribi yetu ni mafupi: dakika 20 na kidogo, giza limeshaingia. Huko Ulaya majira ya joto fotografe ana saa nzima ya kujaribu na kukosea. Hapa anayefika amechelewa amekosa. Kwa hiyo mahali panachaguliwa mchana, na mtu anakaa kabla ya jua kuzama, bila kuhangaika.

Tatu, tumia uwezo wa aparei za leo. Kutoka ISO 100 ya filamu ya zamani hadi ISO 3200 ni hatua tano, na kila hatua inazidisha mara mbili: mwanga unaohitajika ni sehemu moja tu ya 32. Foto itatoka na chembechembe sawa mchanga, ni kweli. Acha ziwe. Chembe hizo ni giza lenyewe linaloonekana, hazisemi uongo kama ule weusi wa flashi. Fungua lenzi yote, na punguza mwendo hadi sehemu ya 15 ya sekunde, hata ya 8. Mkono wa mtu hautulii hivyo, kwa hiyo laza aparei juu ya mfuko mdogo wa mchanga. Mchanga wa mto haununuliwi. Bundi atakusaidia, maana akiwinda anatulia kabisa juu ya tawi. Macho yake hayazunguki ndani ya uso kama yetu, anageuza kichwa kizima. Ngoja kichwa kigeuke, kitulie, kisha piga. Hata simu zenye namna ya usiku, zinazounganisha foto kadhaa kuwa moja, zinafaa kwa ndege anayetulia hivyo akiwa karibu.

Nne, acha kiota. Eric Hosking, Mwingereza aliyekuwa kati ya mafotografe wakubwa wa ndege, alipoteza jicho lake la kushoto mwaka 1937, bundi alipomshambulia karibu na kiota. Yule ndege hakuwa mulozi, alikuwa mzazi. Vilevile usicheze sauti ya bundi kwenye simu ili aje. Hapa kwetu hilo ni baya mara mbili: unamdanganya ndege, na unamwamsha jirani ambaye kesho atatafuta ni nani aliyeletewa kifo.

Tano, waambie watu. Simi-Simi si mahali pa kutembea magaribi na lenzi ndefu kimya-kimya. Ni penye uwanja wa ndege ambapo asubuhi ya 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliruka, na mpaka leo mtu akionekana karibu na uwanja na aparei anaulizwa, na ana haki ya kuulizwa. Jionyeshe kwa shefu wa kartye mchana. Omba ruhusa kwa mwenye parseli yenye mwembe. Mwonyeshe foto zako za kwanza. Mara nyingi yeye njo atakuambia ndege analala tawi gani.

7. Watakaopinga

Wengine watanijibu kwamba foto ya magaribi, ya kijivu na chembechembe, haina nguvu, kwamba mtoto wa shule hataiangalia mara mbili, na foto ya macho ya moto njo itampendeza. Nakubali kwamba itamvutia. Filamu za ulozi nazo zinamvuta, na ndani yake bundi analetwa kila mara mtu mbaya anapokaribia. Lakini swali si lipi linavuta. Swali ni mtoto anarudi nyumbani na nini. Anayeonyeshwa macho ya moto na mwalimu, jioni akisikia bundi juu ya paa la bibi jirani, ataweka mambo mawili pamoja. Na akiwa yeye mwenyewe njo mtoto asiyependwa nyumbani, mambo hayo mawili yataweza kuwekwa juu yake. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto imelifuata neno hilo. Sheria iko. Lakini sheria haiwezi kusimama kila parseli, na foto inaingia kila parseli.

Wengine watapinga kutoka upande wa pili. Watasema: wewe unataka kuwanyang'anya wazee bundi wao. Sivyo. Koko aliyesema kwamba bundi analeta habari za kifo alikuwa anasikiliza usiku kwa uangalifu kuliko sisi. Alijua ni mti gani, ni upande gani, ni mara ngapi. Usikilizaji huo ni mila, na nataka ubaki. Kinachonichukiza ni kumgeuza jirani aliye hai kuwa mwenye kubeba kosa la kifo, na mila nayo ina wazee wengi waliolikataa jambo hilo. Foto ya magaribi haifuti sauti ya bundi. Inampa ile sauti mwili mdogo wa sentimita 18, wenye manyoya, wenye njaa ya panzi.

8. Neno la kumaliza

Napendekeza kwa chama chetu jambo moja ambalo halihitaji pesa nyingi. Tukusanye foto za bundi zilizopigwa na watu wa hapa, bila flashi, ndege akiwa hai, mti wake ukionekana. Chini ya kila foto tuandike saa, kartye, aina ya mti, na maneno ambayo mzee mmoja wa kartye hiyo anayasema juu ya ndege yule, kama alivyoyasema, hata kama ni maneno ya hofu. Yasifutwe, yawekwe karibu na ndege mwenyewe. Kisha foto hizo zitundikwe shuleni, na mwalimu awaache watoto waangalie kwanza kabla hajasema kitu.

Foto yoyote inayokuja na macho ya moto turudishe kwa mwenyewe kwa heshima, na tumwambie atafute tena, kesho, mapema kidogo, kabla ya 18h30.